Jinsi ya kuchagua maada ya kuhifadhi joto kwa kuyeyuka na kuganda

Chukua kilo moja ya barafu iliyo kwenye nyuzi 0 za Selsiasi na kilo moja ya maji yaliyo kwenye nyuzi 80. Changanya ndani ya chombo kisichovujisha joto. Barafu itayeyuka yote, na mwishowe utakuwa na kilo mbili za maji baridi, bado kwenye nyuzi 0 au nukta tu juu yake. Joto lote lililotoka kwenye maji yaliposhuka kutoka 80 limemezwa na kazi ya kuyeyusha peke yake. Hilo ndilo joto fiche: kwa barafu ni kilojuli 334 kwa kila kilo, na wakati linaingia kipimajoto hakipandi.

Maada inayotumiwa kuhifadhi joto kwa njia hii huitwa maada ya kubadili hali. Zipo mamia: nta, asidi za mafuta, chumvi zilizoshika maji (yaani zenye molekuli za maji ndani ya fuwele zake), chumvi kavu, pombe za sukari, hata metali. Anayezikuta mara ya kwanza huenda moja kwa moja kwenye safu ya joto fiche, huitafuta namba kubwa kuliko zote, kisha huagiza. Mimi nilianza hivyohivyo, nikaishia na mapipa ya chumvi iliyokataa kuganda. Njia ninayoieleza hapa ndiyo ninayoifuata tangu siku hiyo. Joto fiche ndani yake linakuja baadaye kabisa.

Hatua ya 1: Andika halijoto tatu

Kabla ya kufungua katalogi yoyote, chukua karatasi uandike: chanzo cha joto kinatoa nyuzi ngapi, mtumiaji anahitaji nyuzi ngapi, na wakati wa kurudisha maada katika hali ya awali mazingira yatakuwa na nyuzi ngapi. Kiwango cha kuyeyuka kinapaswa kukaa katikati, na pande zote mbili kiwe na nafasi. Joto halihami bila tofauti ya halijoto. Ukiacha nyuzi 2 tu kati ya chanzo na kiwango cha kuyeyuka, utangoja hadi uchoke. Mimi huanza na nyuzi 8 hadi 10 kila upande kama nafasi ipo, na 5 ikibana.

Mfano: paneli ya jua inaleta maji ya nyuzi 75, nawe unataka maji ya kuoga ya nyuzi 45. Maada inayoyeyuka kati ya 55 na 62 inakufaa. Ya nyuzi 70 itayeyuka saa sita mchana kwa nusu saa na basi. Ya nyuzi 46 itayeyuka upesi sana, lakini jioni itakupa maji ya vuguvugu.

Sharti la tatu, la kurudi, ndilo husahaulika. Ukuta uliojazwa maada ya nyuzi 23 utameza joto la mchana vizuri sana siku ya kwanza. Usiku ukiwa wa nyuzi 24, maada haitaganda, na kesho yake utakuwa na ukuta wenye kimiminika kisichofanya kazi yoyote. Kwa hiyo usiangalie mchana peke yake. Tazama usiku wa joto kuliko wote ndani ya msimu unaokusudia kuutumia.

Kuna kazi ambazo halijoto yake haina mjadala. Chanjo nyingi husafirishwa kati ya nyuzi 2 na 8, na baadhi huharibika zikiganda. Barafu ya nyuzi 0 ina joto fiche kubwa, ni rahisi na haina sumu, lakini ikigusana na kichupa inaweza kuiua chanjo. Maada inayoyeyuka karibu na nyuzi 5 au 6, kama tetradekani, ina joto fiche dogo kwa mbali, na bado ndiyo inayofaa.

Hatua ya 2: Jiulize kama maji ya kawaida hayatoshi

Wauzaji hawaipendi hatua hii. Maji hubeba kilojuli 4.18 kwa kilo kwa kila uzi mmoja. Tuseme unataka kuhifadhi kilowati-saa 10, yaani kilojuli 36,000.

Kama mfumo wako unaruhusu tangi kupanda na kushuka nyuzi 40, utahitaji kilo 215 hivi za maji. Nta yenye kilojuli 200 kwa kilo itataka kilo 180. Tofauti ni ndogo mno kukufanya uingie gharama ya nta, vyombo vyake na mabomba ya ndani. Nunua tangi, lifunike vizuri, uendelee na maisha.

Kama unaruhusiwa nyuzi 10 tu za kupanda na kushuka, maji yanafika kilo 860. Ukibana hadi nyuzi 5, ni zaidi ya kilo 1,700. Hapo maada ya kubadili hali inaanza kujilipia. Thamani yake iko kwenye kazi zenye upeo mwembamba wa halijoto: chumba, chombo cha dawa, betri isiyotakiwa kupata moto, kifaa cha elektroniki. Upeo ukiwa mpana, maji yanashinda karibu kila mara.

Nikiwa hapohapo, niondoe dhana moja inayozunguka sana. Mitambo mikubwa ya umeme wa jua inayotumia chumvi iliyoyeyuka, kama Gemasolar ya Uhispania iliyoanza kazi mwaka 2011, haihifadhi joto kwa kubadili hali. Mchanganyiko wake wa nitrati ya sodiamu asilimia 60 na nitrati ya potasiamu asilimia 40 hukaa kimiminika muda wote, ukizunguka kati ya nyuzi 290 na 565. Wahandisi wake huhangaika usiku na mchana ili isigande, maana ikiganda ndani ya bomba ni msiba. Usiuchukue mtambo huo kama ushahidi kwamba chumvi yako itafanya kazi kwa kuyeyuka na kuganda.

Hatua ya 3: Chagua ukoo

Halijoto ikishajulikana, koo zinazobaki ni chache.

Nta za parafini kwanza. (Hapa naisema nta, ndugu yake mshumaa. Wapo wanaoyaita mafuta ya taa parafini, na hayo hayahusiki kabisa.) Kiwango chake cha kuyeyuka hufuata urefu wa mnyororo wa kaboni: heksadekani yenye kaboni 16 huyeyuka nyuzi 18, oktadekani yenye 18 huyeyuka 28, na nta za kawaida za viwandani huangukia kati ya 50 na 60 na ushei. Joto fiche ni kilojuli 180 hadi 245 hivi. Zina tabia njema: huganda bila ubishi, hazitengani, hazili chuma. Ubaya wake ni kwamba zinawaka, hupitisha joto kwa uvivu mkubwa, na ni nyepesi, hivyo zinakula nafasi.

Asidi za mafuta zinafanana nazo. Asidi ya lauriki huyeyuka karibu na nyuzi 44, palmitiki 62 au 63, steariki 69. Hutoka kwenye mafuta ya mimea na wanyama, jambo linalowavutia wengi. Nyingine zinanuka, na zote ni asidi, ndogo lakini asidi. Ukiona kimiminika kimeanza kuwa kijani karibu na bomba la shaba, ujue bomba linaliwa.

Chumvi zilizoshika maji ndizo zenye raha na karaha. Kloridi ya kalsiamu yenye maji sita huyeyuka nyuzi 29 au 30, salfati ya sodiamu yenye maji kumi nyuzi 32.4, asetati ya sodiamu yenye maji matatu nyuzi 58. Haziwaki, hupitisha joto vizuri kuliko nta mara kadhaa, na kwa lita moja hubeba joto jingi zaidi. Zile kilowati-saa 10 zinahitaji takriban lita 230 za nta iliyoyeyuka. Kwa kloridi ya kalsiamu ni kama lita 130. Palipo na nafasi finyu, hiyo ni tofauti ya kuingia mlangoni au kutoingia.

Juu ya nyuzi 100 kuna erithritoli, pombe ya sukari inayoyeyuka nyuzi 118 na kubeba kilojuli 340 kwa kilo. Inavutia hadi uione ikikataa kuganda. Juu zaidi ziko nitrati: ya sodiamu huyeyuka karibu na nyuzi 307. Kumbuka nitrati huchochea moto, basi usiiweke jirani na mafuta au nta.

Hatua ya 4: Soma karatasi ya muuzaji kwa jicho la mashaka

Maswali manne yanatosha. Joto fiche lililoandikwa limepimwa kati ya nyuzi ngapi na ngapi? Wengine hupima kwenye upeo wa nyuzi 15 na kujumlisha joto la kawaida la kupanda, ili namba inenepe. Je, kuna mchoro wa kuganda pia, au wa kuyeyuka tu? Namba ni kwa kilo au kwa lita? Na imejaribiwa mizunguko mingapi ya kuyeyuka na kuganda?

Kuna jambo kuhusu kipimo chenyewe. Maabara nyingi hutumia kalorimita, kifaa cha kupima joto linaloingia na kutoka, ambacho hupima miligramu chache za sampuli. Kwa nta safi ni sawa. Kwa chumvi yenye maji, punje ndogo namna ile haiwakilishi pipa: huchelewa kuganda kuliko kiasi kikubwa, na haiwezi kukuonyesha utengano, yaani chumvi kuzama na maji kubaki juu, unaotokea kwenye chombo chenye kimo. Namba hiyo si ya uongo, ila haijibu swali lako.

Hatua ya 5: Jaribu mwenyewe, kwenye chupa

Hapa ndipo ninapotumia muda mwingi kuliko hatua nyingine zote, nawe ufanye hivyo.

Mwanzoni nilinunua mapipa mawili ya kloridi ya kalsiamu, karatasi yake ikisema inaganda nyuzi 28. Nilipitisha maji ya nyuzi 22 usiku kucha. Asubuhi nilifungua kifuniko nikakuta kimiminika kisafi kama maji ya mvua, kipimajoto kikisoma 22.5. Hakuna fuwele hata moja. Nilidondosha punje moja ya chumvi ileile iliyo ngumu, na ndani ya sekunde chache sindano nyeupe zikatambaa kutoka kwenye ile punje hadi ukingoni, kipimajoto kikaruka kwenda 28 na ushei. Joto lilikuwemo humo muda wote, likingoja kichocheo.

Hali hiyo ya kupoa kupita kiwango bila kuganda ndiyo ugonjwa mkubwa wa chumvi zenye maji. Asetati ya sodiamu huugua zaidi: hushuka hadi halijoto ya chumba na chini yake ikiwa bado kimiminika. Vile vifuko vya kupasha mikono vyenye kidude cha chuma cha kubofya hutumia tabia hiyo makusudi. Kwenye tangi lako, ni hasara. Dawa ni mbegu, yaani kiasi kidogo cha chumvi nyingine ambayo fuwele zake zinafanana kwa umbo na zile unazozitaka. Kwa kloridi ya kalsiamu hutumika kloridi ya stronti, kwa salfati ya sodiamu hutumika boraksi. Muuzaji akikuambia mbegu imo, sema sawa, kisha jaribu.

Jaribio ni hili. Tafuta neli mbili za majaribio zilizo sawa. Moja tia mililita 30 za maji, nyingine mililita 30 za maada yako, na kila moja izamishe kipimajoto katikati. Zipashe zote mbili hadi nyuzi 50 kwenye maji ya moto, zifute, uzitundike pamoja mahali pasipo upepo ambapo halijoto haibadiliki. Andika usomaji kila dakika.

Neli ya maji itashuka kwa mstari laini unaolala polepole. Ya maada itashuka, itazama kidogo chini ya kiwango chake, itaruka, kisha itakaa palepale muda mrefu. Ule mzamo ndio kipimo cha ubishi wake. Ukiwa wa uzi mmoja au mbili, endelea. Ukiwa wa nyuzi 8, hiyo nafasi uliyoiacha katika hatua ya 1 imeliwa yote.

Muda wa kukaa palepale unakupa joto fiche bila maabara. Tuseme maji, yalipokuwa yakipita nyuzi 29, yalishuka uzi 0.3 kwa dakika. Gramu 30 mara 4.18 mara 0.3 ni juli 37.6 zinazopotea kila dakika. Neli ya pili ina umbo lilelile na iko kwenye nyuzi zilezile, kwa hiyo inapoteza karibu sawa. Kama ilikaa hapo dakika 208, imetoa juli 7,820 hivi. Gawanya kwa gramu 45 za chumvi iliyomo, unapata kilojuli 174 kwa kilo. Joto la kioo chenyewe nimeliacha, kwa hiyo jibu linakuwa chini kidogo ya ukweli, na kwa kuchagua inatosha. Njia hii ilichapishwa kwa umbo lake kamili mwaka 1999, na watafiti wanaitumia hadi leo.

Sasa mizunguko. Mfumo wa kila siku huyeyuka na kuganda mara 365 kwa mwaka. Weka chupa yenye kimo kilekile cha chombo unachokusudia, si chupa fupi, uipeleke kati ya maji ya moto na ya baridi mara 100 angalau. Pima uzito wake kila wiki. Kloridi ya kalsiamu hunyonya unyevu wa hewa kupitia kifuniko kilicholegea, na gramu chache zilizoongezeka zitashusha kiwango cha kuyeyuka bila wewe kujua kwa nini.

Angalia chini ya chupa pia. Salfati ya sodiamu inapoyeyuka, chumvi yote haiwezi kuyeyuka ndani ya maji yake yenyewe. Iliyobaki ni nzito na inazama. Wakati wa kupoa, fuwele mpya huota juu ya tabaka hilo kama ukoko na kuizuia chumvi ya chini kukutana na maji yaliyo juu. Kila mzunguko tabaka linanenepa na joto fiche linapungua. Nyumba ya jua iliyojengwa Dover, Massachusetts, mwaka 1948, mkemia akiwa Maria Telkes na msanifu Eleanor Raymond, ilipashwa joto kwa mapipa ya chumvi hiyohiyo. Ilifanya kazi mwanzoni, na baada ya miaka michache mfumo ukashindwa, utengano huu ukiwa miongoni mwa sababu. Leo watu huitia udongo wa bentonaiti au gundi ya selulosi ili kimiminika kiwe kizito kama uji na chumvi isizame, au hutumia trei nyembamba badala ya pipa. Mimi nikiona tabaka jeupe chini ya chupa kabla ya mzunguko wa 20, chupa hiyo inatoka mezani.

Hatua ya 6: Amua unene kwa saa ulizonazo

Maada inaweza kuwa na joto lote unalolitaka na bado isikupe kwa wakati. Inapoganda, gamba gumu huanza kwenye ukuta wa bomba, na joto la ndani lazima lipite kwenye gamba hilo linalozidi kunenepa. Nta hupitisha wati 0.2 hivi kwa mita kwa kila uzi. Huo ni upitishaji wa ubao.

Kwa nta inayopozwa upande mmoja kwa tofauti ya nyuzi 10, sentimita 1 huganda kwa dakika 70 hivi. Sentimita 2 huchukua karibu saa 5. Sentimita 3, saa 10 na nusu. Unene ukizidi mara mbili, muda unazidi mara nne, na hapo ndipo pipa zima la nta lenye bomba moja katikati linapokuwa kichekesho. Kuyeyuka huenda kasi zaidi, maana kimiminika huzunguka chenyewe, kwa hiyo usipime mwendo wa kuyeyuka ukadhani umemaliza.

Chukua saa ulizonazo za kutoa joto, tafuta unene unaoruhusiwa, kisha tengeneza vyombo vya unene huo: trei, mifuko bapa, tufe ndogo, au mabomba yenye mapezi ya alumini yaliyokaribiana. Kuna pia grafaiti iliyotanuliwa inayolowekwa nta ndani yake. Inaongeza kasi kweli, ila inachukua nafasi ya nta. Mapezi ndiyo huwa ninayajaribu kwanza.

Hatua ya 7: Chombo

Kloridi ya kalsiamu na alumini hazikai pamoja. Weka chumvi zenye maji ndani ya polithini ngumu. Nta, kinyume chake, huingia ndani ya plastiki laini na kutokeza upande wa pili kama jasho. Itie kwenye chuma, au kwenye plastiki uliyoiloweka ndani ya nta hiyohiyo ya moto mwezi mzima bila kuvimba. Kata kipande cha kila metali itakayoguswa, kipime uzito, kizamishe kwenye chupa zako za mizunguko, na ukipime tena mwisho.

Nta ikiwekwa ndani ya jengo wanamokaa watu, zungumza na wa zimamoto mapema. Wakikataa, umebaki na chumvi, na unarudi hatua ya 5.

Hatua ya 8: Kujaza

Hesabu kilo kwa joto fiche ulilolipima mwenyewe kwenye neli, uongeze asilimia 15 au 20, kwa sababu pembe za chombo hazigandi zote kwa wakati. Jaza maada ikiwa imeyeyuka yote, kidogo juu ya kiwango chake cha kuyeyuka, na uache nafasi tupu juu. Nta hutanuka zaidi ya asilimia 10 inapoyeyuka, na chombo kilichojazwa kikavu hadi ukingoni kitapasuka mshono siku ya kwanza ya moto. Maji hufanya kinyume, hutanuka asilimia 9 yakiganda, kwa hiyo mifuko ya barafu nayo iachiwe nafasi.

Mwisho, chomeka vipimajoto viwili kwenye chombo cha kwanza kabla hujakifunga, kimoja juu na kimoja chini. Ukishafunga hutapata nafasi nyingine ya kuviweka, na vikianza kutofautiana kila asubuhi, cha chini kikisoma baridi zaidi bila kukaa palepale, utajua tabaka limeanza kutuama.